Ajuaye Njia Ilivyokuwa Jana



Mtume Paulo alipotaka kuwaeleza Wakorintho habari za mtu kuutawala mwili wake, aliwakumbusha wale washindanao kwa mbio (1 Kor. 9). Wakorintho walifahamu upesi, kwa maana karibu na mji wao yalifanyika mashindano ya Isthmia kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani ambayo hayakukawia kunyauka. Sisi nasi tumeyasikia maneno hayo mara nyingi kanisani, na kila tuyasikiapo twafikiri habari za siku ya mashindano: watazamaji, makelele na taji. Walakini siku hiyo ni moja tu. Siku zilizoitangulia ni nyingi, nazo hazina mtazamaji. Habari za siku hizo ndizo nitakazo kuandika, nazo ni habari za mtu wa kawaida, ambaye hakushinda kamwe wala hatashinda.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, umri wangu miaka 54, nami nakaa katika mitelemko ya kusini ya Kilimanjaro, mahali palipo mita 1,400 hivi juu ya bahari. Miaka sita iliyopita nilipimwa, ikaonekana ya kuwa presha yangu i juu kupita kiasi. Daktari akanipa dawa, akaniagiza tena niushughulishe mwili kila juma pasipo kukosa. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtu mzima apate kwa juma moja angalau dakika 150 za kazi ya wastani, kama kutembea upesi, au dakika 75 za kazi ya nguvu, kama kukimbia. Dawa sikuiacha, wala mtu asiyasome maneno yangu akaitupa ya kwake. Nameza dawa, tena nakimbia. Siku nne za juma natoka saa kumi na moja alfajiri, narudi kabla ya saa kumi na mbili. Na Jumamosi nakwenda mbali zaidi.

Hapo kwanza jambo hili lilichekesha watu kijijini kwetu. Jumamosi moja, jua likiwa limekwisha kupanda, nilikutana na mama mmoja aliyejitwika tita la majani ya ng'ombe, akipanda kutoka tambarare. Akasimama, akanitazama, akaniuliza, "Mwalimu, unakimbizwa na nani?" Nikamjibu, "Hakuna, mama, nafanya mazoezi." Akasema, "Basi njoo unitwalie tita hili, nalo ni mazoezi." Tulicheka wote wawili, nikalichukua tita mpaka kwake, lakini neno lile halikuniacha.

Kwetu miguu ni chombo cha kazi. Hushuka sokoni na ndizi, hupanda na majani, huwafikisha watoto shuleni. Mtu atumiaye nguvu za miguu yake asilete kitu nyumbani, huonekana kama mtu amwagaye maji wakati wa kiangazi. Nami sioni ya kuwa maneno hayo ni ya ujinga. Saa moja ya asubuhi katika nyumba ya mkulima si kitu kidogo: ni saa ya kukata majani, ya kukama, ya kuwasha moto, ya kuwaamsha watoto na kusali pamoja nao. Mtu aitwaaye saa hiyo kwa ajili ya nafsi yake, yampasa aulize amemnyang'anya nani.

Basi nilizungumza na mke wangu. Hakunikataza, wala hakunisifu. Alisema, "Baba watoto, mbio zikikurudisha nyumbani na uso mkunjufu, kimbia. Zikikurudisha umechoka hata huwezi kushika jembe, hayo si mazoezi tena, ni wizi." Tukapatana mambo matatu. La kwanza, majani ya ng'ombe yakatwe jioni iliyotangulia, nami ndiye niyakate. La pili, viatu vya mbio visinunuliwe kabla ya sare na madaftari ya watoto. La tatu, saa kumi na mbili niwe mlangoni, maana ndiyo saa ya sala ya nyumba yetu. Kwa mapatano hayo nimekimbia miaka sita, nayo yamenifaa kuliko mashauri mengi ya wakimbiaji, kwa kuwa yamenilazimisha kukimbia kwa kiasi.

Sasa niseme habari za majira. Wakati wa masika, toka Machi hata Mei, udongo wetu mwekundu hugeuka kuwa kama sabuni. Hushika soli mpaka kila kiatu kina uzito wa viatu viwili, na penye mtelemko humwangusha hata mwenyeji. Siku hizo naviacha vijia, nafuata barabara ya changarawe kwa hatua fupi fupi. Mvua yenyewe haimsumbui sana mtu akimbiaye, akiisha kupata joto. Humsumbua asimamapo na nguo zilizolowa. Kwa hiyo nikifika nyumbani nabadili nguo kabla ya mazungumzo yo yote. Lakini radi ni neno jingine. Nikisikia ngurumo sitoki. Na ikinikuta njiani naingia nyumba iliyo karibu, wala sisimami chini ya mti, mvua iwe kubwa namna gani.

Toka Juni hata Agosti ukungu hushuka kutoka msituni, na baridi huingia mpaka mifupani. Mwili hukataa kuamka. Dawa yake ni kutembea tu kwa dakika kumi za kwanza, ndipo uanze kukimbia polepole. Januari na Februari ni joto na vumbi. Hewa hupoa kadiri ya digrii 6 kwa kila mita 1,000 mtu apandazo. Basi nikishuka hata Moshi mjini, palipo mita 800 na zaidi, naona tofauti ya digrii tatu au nne, nayo yatosha kumlegeza mtu wa mlimani. Siku hizo nachukua maji na ndizi mbivu mbili, na kuwahi kabla ya jua.

Katika majira yote nimejifunza ya kuwa shauri la kukimbia halikatwi alfajiri. Alfajiri blanketi lina maneno mengi ya hekima. Shauri hukatwa usiku, wakati wa kuviweka viatu mlangoni. Alfajiri imebaki kutii tu.

Na nyimbo je? Vijana wengi siku hizi hukimbia wameziba masikio kwa visikilizio vya simu. Siwalaumu kwa kupenda nyimbo. Wenye kuchunguza mambo ya michezo wameona ya kuwa wimbo wenye mwendo ufaao humfanya mtu auone uchovu kuwa mdogo. Lakini katika barabara zetu pikipiki hushuka mtelemko injini zimezimwa ili kuokoa petroli, nazo hazina sauti ila ya upepo. Gizani masikio ndiyo mlinzi wa mtu.

Mimi naimba mwenyewe, kwa sauti ya chini isiyoamsha jirani, nyimbo za kitabu chetu, maana hizo nazijua beti zote. Nimeona ya kuwa wimbo ni kipimo. Nikiweza kuuimba ubeti mzima nisikatize neno kwa kutweta, huo ndio mwendo wa kila siku, uujengao moyo pole pole. Nikibaki na maneno matatu kwa pumzi moja, nimezidisha. Penye mlima mkali naacha maneno, nabaki na mapigo ya wimbo moyoni, na miguu yayafuata. Zile nyimbo za taratibu tulizofundishwa na wamisionari wa Leipzig, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, zafaa kwa kupanda. Nyimbo za kwaya ya vijana zafaa penye tambarare. Tena Jumamosi, kikundi cha tarumbeta cha usharika kikifanya mazoezi, nasikia sauti zao zikivuka bonde, nami napata mwendo wangu kwao, wala wenyewe hawajui.

Vijia vyetu hupita katika vihamba, chini ya migomba na mibuni, kando ya mifongo. Kwa wasomaji walio mbali nieleze: mfongo ni mfereji, na wazee wetu walianza kuichimba mifereji hiyo kabla ya wageni wa Ulaya kufika, ili kuyatoa maji katika mito ya mlima na kuyaleta mashambani kwa mtelemko mdogo sana. Kwa sababu hiyo kijia kiufuatacho mfongo ndicho kilicho sawa kuliko vijia vyote vya nchi hii ya mabonde, nacho ndicho nikipendacho. Juu zaidi, kwenye mita 1,800 hivi, mashamba hukoma na msitu wa hifadhi huanza. Hapo narudi, maana hairuhusiwi kuingia bila kibali, nami natosheka kuwasikia mbega wakinguruma mapambazuko.

Vijia hivi vina adabu yake. Mwenye mzigo ndiye mwenye njia. Nikimwona mtu ana ndoo au tita, nasimama kando, namsalimu, napita baada yake. Mtu akimbiaye bila salamu, watu humdhania kuwa mwizi, na mbwa pia.

Tena watu wadhani kupanda ndiko kuumizako. Sivyo. Kupanda huchosha pumzi. Kushuka huumiza miguu. Mtu ashukapo, misuli ya mapaja hujikaza huku ikivutwa, kama kamba imzuiayo ng'ombe asiteremke kwa kasi, na nyuzi zake hupata madhara madogo madogo. Maumivu hayaji siku ile ile. Huja kesho yake, na mara nyingi huzidi siku ya pili. Ajuaye haya hateremki mbio wakati kazi ya jembe inamngoja.

Kwa habari ya mbio, ni vema watoto wetu wasimuliwe mambo ya John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu. Katika Olimpiki ya mwaka 1968, katika mji wa Mexico City ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, watu 75 walianza marathoni, kilomita 42 na mita 195. Akhwari alianguka njiani akaumia vibaya goti. Walimaliza watu 57, naye alikuwa wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Watu husifu saa ile alipoingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji. Mimi nami nasifu. Lakini nafikiri zaidi zile asubuhi zisizohesabika za nyuma, ambazo ndizo zilizoufundisha mguu ule kuendelea. Vivyo hivyo mwaka 2025, Alphonce Simbu, mtu wa Singida, alipopata nishani ya dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia kule Tokyo. Yeye na Mjerumani aliyemfuata waliandikiwa wakati ule ule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Akashinda kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Sehemu hiyo haikupatikana siku ile. Ililimwa kwa miaka mingi.

Hapo walimu wenzangu huniuliza swali. Tangu mwaka 2003 zipo mbio za marathoni za Kilimanjaro mjini Moshi, nazo hufanyika Jumapili asubuhi. Mbona mimi siingii? Jibu langu ni fupi: saa hiyo nafundisha shule ya Jumapili, watoto zaidi ya thelathini, wala hakuna wa kushika zamu yangu. Eric Liddell wa Uskochi, katika Olimpiki ya Paris mwaka 1924, aliacha mbio za mita 100 kwa sababu mchujo wake ulikuwa Jumapili. Akakimbia mita 400 siku nyingine, akashinda. Mwaka uliofuata alikwenda China kuwa mmisionari, akafa huko mwaka 1945, katika kambi walimofungiwa wageni wakati wa vita. Simtaji ili nimhukumu ndugu aingiaye mbio za Moshi. Jambo hilo kila mtu alipime mbele za Mungu wake. Nasema tu ya kuwa zamu yangu naijua.

Nisimulie sasa jambo lililonionyesha faida ya kupita njia ile ile kila siku. Ilikuwa mwezi wa Aprili, miaka miwili iliyopita. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na alfajiri ikatulia, nikatoka. Barabara ilikuwa imekatika kwa maji, kwa hiyo siku hiyo nilifuata kijia cha mfongo, nikitembea zaidi ya kukimbia. Nikamulika mfongo kwa tochi, nikaona maji ni machache. Mgeni angalipita tu, kwa maana mfongo wenye maji machache si ajabu. Lakini jana yake jioni, nilipokwenda kukata majani, nilikuwa nimeuona umejaa hata ukingoni. Na baada ya mvua ya usiku kucha ilipasa uwe umefurika. Maji yamekwenda wapi? Nikaufuata kwa kupanda, hatua kama mia mbili, nikakuta ukingo umebomoka, na maji yote yanateremka kwa nguvu katika kihamba cha mjane mmoja mzee. Yalikuwa yamekwisha kuufikia ukuta wa nyuma wa nyumba yake ya udongo, naye amelala ndani pamoja na wajukuu wawili.

Sijapata kukimbia tena kama nilivyokimbia asubuhi ile. Nikamwamsha bibi, tukawatoa watoto. Kisha nikashuka hata kanisani, kadiri ya nusu kilomita, nikamwomba mlinzi apige kengele. Kengele ilialo si kwa saa yake, kila mtu aijua maana yake. Watu wakaja na majembe, wengine wamejifunika blanketi mabegani. Wazee wa mfongo wakapanda kwenda kuyafunga maji kule yatokapo mtoni, na sisi wengine tukaziba ukingo kwa mawe, magogo ya migomba na udongo. Ilipotimia saa mbili kazi ilikuwa imekwisha. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelainika, ikabidi ujengwe upya. Lakini waliokuwamo walikuwa wazima. Yule mama wa tita la majani alikuwa miongoni mwa waliokuja na majembe. Aliponiona nimejaa matope hata shingoni, akasema, "Leo basi nimemwona anayekukimbiza."

Sisemi ya kuwa mbio ziliiokoa nyumba ile. Ni Mungu aliyeilinda, na jirani ye yote aliyeamka mapema angaliweza kuona. Nasema neno dogo tu: mtu apitaye kila siku ndiye ajuaye njia ilivyokuwa jana, na ajuaye ya jana ndiye aonaye yalipobadilika ya leo.

Ndivyo ilivyo hata kwa mwili. Mtu akimbiaye mara moja kwa mwezi huumwa kila mahali, asijue maumivu yapi ni ya uchovu na yapi ni ya ugonjwa. Mtu wa kila siku huwahi kujua goti likilalamika kwa namna mpya, akapumzika siku mbili badala ya kulala miezi miwili. Presha yangu imeshuka kidogo kidogo, naye daktari asema niendelee na dawa na mbio pamoja. Nami namtii katika yote mawili.

Ndivyo ilivyo na katika kazi yetu, walimu wenzangu. Mwalimu aitaye majina kila asubuhi huku akizitazama nyuso, humwona mtoto aliyekuja bila kula, au aliyelia usiku. Asiyewatazama kila siku hataona, hata akiwa na elimu kubwa. Na nyumba isaliyo pamoja kila jioni hujua ni nani leo hakuimba. Baba na mama wakusanyao watoto siku za sikukuu tu, huwakuta wageni mezani pao wenyewe.

Kwa wale watakao kuanza, nawapa mashauri machache. Mwenye ugonjwa wa moyo, wa sukari au wa presha amwone daktari kwanza. Anza kwa kutembea, dakika ishirini, mpaka mwili uzoee. Kisha changanya kutembea na kukimbia. Ongeza kidogo kidogo, wala usiongeze umbali na mwendo kwa juma moja. Pumzika angalau siku moja katika juma; Bwana aliyetupa mwili alitupa na siku ya kupumzika. Patana kwanza na watu wa nyumba yako, ili saa yako isiwe mzigo wa mtu mwingine. Na njiani usalimu watu.

Asiyeweza kukimbia, kwa uzee au kwa udhaifu, asidhani maneno haya hayamhusu. Achague jambo moja dogo lililo jema, alitende leo na kesho na kesho kutwa, mvua iwepo au jua. Jambo hilo halitamletea taji mbele ya watu. Litamfanya awe mtu aonaye.

Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu.

Ndimi ndugu yenu katika kazi,
Mwalimu wa mlimani